Ngao ya Taifa Haina Mnazi

Mwezi wa Julai mwaka 2024, katika mkutano uliofanyika New Delhi nchini India, Kamati ya Urithi wa Dunia ya shirika la UNESCO iliuandika mji wa kale wa Gede katika orodha yake. Habari zilipofika huku kwetu Pwani watu walifurahi kidogo, wakapongezana, kisha wakarudi katika shughuli zao, maana bei ya unga haingojei magofu. Mimi nilibaki nikihesabu. Kenya sasa ina maeneo matano yaliyoingizwa katika orodha hiyo kwa ajili ya historia na utamaduni. La kwanza ni Mji wa Kale wa Lamu, mwaka 2001. Kisha zikaja Kaya za Wamijikenda mwaka 2008, Ngome ya Mombasa ambayo vitabu huiita Fort Jesus mwaka 2011, boma la mawe la Thimlich Ohinga kule Migori mwaka 2018, na sasa Gede. Katika matano hayo, manne yako Pwani.

Baada ya hesabu hiyo, ndugu msomaji, hebu chukua cheti chako cha kuzaliwa au pasipoti ukaitazame ngao ya taifa iliyopigwa juu yake. Utaona simba wawili wenye mikuki, wameishika ngao baina yao. Ndani ya ngao yumo jogoo aliyekamata shoka, na chini kabisa pana neno Harambee. Simba hao wamesimama juu ya mlima, nao ni Mlima Kenya, umepambwa kwa mazao ya nchi: kahawa, pareto, katani, majani chai, mahindi na mananasi. Tafuta mnazi, huuoni. Tafuta mkorosho au mwembe, haumo. Tafuta jahazi, tafuta hata ngalawa ya mvuvi, hamna. Bahari yenyewe haimo.

Najua yuko atakayenijibu kwamba katani hulimwa Vipingo, na Vipingo ni Pwani. Kweli. Lakini katani haikuwa zao la babu zetu. Ni zao la mashamba makubwa ya wageni, na mzee wa Kilifi akiulizwa alirithi nini kwa baba yake hatataja katani, atataja minazi. Sisemi kwamba walioichora ngao hiyo mwaka 1963 walikaa usiku wakapanga njama ya kututoa. Nadhani walitazama mambo yaliyokuwa yakiuzwa ng'ambo wakati ule, wakatazama mlima ulioipa nchi jina, basi. Mtu huchora alichokizoea. Ila aliyechora hakuuzoea ufuo.

Na si kwamba taifa halikuja kuchota katika kisima chetu. Wimbo wa taifa, ule tunaosimama wima tukiusikia, sauti yake imetokana na bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana, la kumtuliza mtoto alale. Kamati ya watu watano iliyoutengeneza ilikuwa na mwana wa Pwani ndani yake, marehemu Thomas Kalume. Na lugha ya wimbo huo, na ya gazeti hili, na ambayo Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 7 imeifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi, haikushuka mlimani. Kwa hivyo Serikali inayo Pwani sikioni, na inayo Pwani ulimini, lakini kifuani haikuivaa.

Huenda ukaniambia, picha ni picha, haimshibishi mtu. Hilo nalikubali nusu. Lakini alama za dola ndizo zinazomfundisha mtoto, kabla hajajua kusoma vizuri, nani ni mwenye nyumba na nani amekuja kutembea. Mtoto wa Siyu au wa Vanga akisoma shuleni juu ya ngao ya taifa, bendera na wimbo, kisha akasoma juu ya magofu ya Pwani katika somo jingine kabisa, lile la watalii na fedha za kigeni, atafahamu nini? Atafahamu kwamba kwao ni mahali pa kutazamwa. Na hapo ndipo penye shida ninayotaka kuizungumza leo.

Sisi watu wa mwambao tulikuwa na alama za dola zetu kabla ya hizi. Aliyefika katika jumba la makumbusho la Lamu ameziona siwa mbili, ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Ile ya Pate yakadiriwa kuwa ya karne ya 17, na urefu wake wampita mtu mzima. Siwa haikuwa tarumbeta ya kuchezea. Ilipigwa mfalme alipotawazwa, ilipigwa katika harusi na tohara za watu wakuu wa mji, na mji uliokuwa na siwa ulikuwa mji kamili. Aliyekuwa hana haki ya kupigiwa siwa alijua, na aliyekuwa nayo alijua zaidi! Sisifu ubwana huo. Palikuwa na watu wengi katika miji hiyo, watumwa na wageni wa bara na maskini, ambao siwa haikuwalilia hata siku moja. Nasema tu kwamba ile ilikuwa ngao ya taifa ya zama zake, na sauti yake ilisikika.

Sasa ilinganishe siwa ya Pate na kile ambacho leo kimekuwa alama ya Mombasa. Mchoraji wa kalenda akitaka kuichora Mombasa, achora nini? Achora zile pembe nne za njia kuu ya Moi. Pembe hizo si za ndovu. Za kwanza zilisimamishwa mwaka 1952 kwa ajili ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ambaye alikuwa apande meli hapa Mombasa kuendelea na safari yake. Meli ilikuwapo ikingoja. Lakini tarehe 6 Februari baba yake alifariki, naye akapanda ndege Nanyuki kwenda Entebbe na kurudi kwao, bila ya kupita chini ya pembe. Zikaja kusimamishwa nyingine za aluminiamu, mwaka 1956, kwa ziara ya mdogo wake, Margaret. Ndizo hizo. Pembe ya kweli, iliyochongwa na fundi wa Kiswahili, iko kimya ndani ya nyumba Lamu. Pembe ya bati, iliyowekwa kwa ajili ya mgeni, ndiyo inayopigwa picha na maharusi wetu. Sina ugomvi na pembe hizo, zimekwisha kuwa za watu wa Mombasa kwa kuzoeleka. Lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Na ngome je? Wenyeji tangu zamani twasema Ngomeni, wala hatuna haja ya kuongeza jina jingine. Wareno waliianza mwaka 1593 na kuimaliza 1596, kwa ramani ya Mtaliani Giovanni Battista Cairati. Sifa iliyoiingiza ngome hii katika orodha ya dunia mwaka 2011 ni hasa hiyo: kwamba ni mfano bora wa ujenzi wa kijeshi wa Kireno wa karne ya 16. Ni sifa ya haki. Kuta zile si mchezo. Lakini hebu tuhesabu tena, maana leo nimeamka na hesabu. Wareno waliishika ngome kwa miaka mia na kidogo tu, hadi Desemba 1698, ilipotekwa na jeshi la Imam wa Oman baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Wakarudi kwa muda mfupi mnamo 1728, wakatolewa tena. Baada ya hapo ilikuwa mikononi mwa Waislamu, Wamazrui hadi 1837, kisha Mabusaidi, mpaka Waingereza walipoigeuza jela mwaka 1895. Ilikuwa jela hadi 1958. Kwa bibi zetu, mtu "kupelekwa Ngomeni" hakukuwa na maana ya kwenda kutembea na watoto. Na ya Lamu vivyo hivyo. Ile ilibaki jela mpaka mwaka 1984, yaani ilikuwa jela ya Serikali ya Kenya huru kwa miaka zaidi ya ishirini.

Basi mwenye kuisimulia ngome hiyo kwa niaba ya dola aanzie wapi? Akianzia kwa mjenzi, hadithi ni ya Wareno na sisi ni watu waliosimama pembeni wakitazama. Akianzia kwa mji, hadithi yageuka. Ataanza na Mvita uliokuwapo kabla ya ngome, mji ambao vitabu vya Wareno wenyewe vyausifu kwa nyumba zake za mawe; mji uliochomwa moto na Francisco d'Almeida mwaka 1505, ukajengwa tena, ukashambuliwa tena na Nuno da Cunha mwaka 1528, ukajengwa tena. Ngome haikujengwa kuulinda mji. Ilijengwa kwa sababu mji haukukubali kukaa kimya. Hilo ndilo neno ambalo ningependa kila mtoto anayepelekwa na mwalimu wake pale Ngomeni alisikie kabla ya kuonyeshwa mizinga.

Halafu amsikie Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno. Mtoto akachukuliwa akiwa mdogo kupelekwa Goa, akalelewa na mapadre, akabatizwa jina la Jeronimo, akafundishwa vita. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme chini ya Wareno, kwa matumaini kwamba amekwisha kuwa wao. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kamanda, akaitwaa ngome, akarudi katika Uislamu na jina lake. Mwaka uliofuata aliwashinda Wareno waliokuja kuikomboa, lakini hakukaa. Alipanda meli akaondoka, akaishi maisha ya baharini hadi alipofariki mnamo 1638. Kisa hiki kina pande mbili, wala sitaki kulificha la upande wa pili. Wakristo waliouawa siku zile, wake kwa waume, na miongoni mwao Waafrika, Kanisa Katoliki linawakumbuka kuwa ni wafia dini. Mimi Mwislamu nikisoma habari zao sioni fahari katika kuuawa kwa watoto. Lakini dola isiyoweza kumsimulia Yusuf kwa ukamilifu wake, mtoto aliyeporwa, mfalme aliyerudi kwake, na damu iliyomwagika, yote pamoja, basi haitaweza kuisimulia Pwani. Hakuna kisa kinachoieleza Pwani kuliko hicho.

Nije sasa kwenye bendera, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa utulivu, kwa kuwa jambo hili wengi huliogopa bila ya sababu. Juu ya ngome hiyo hiyo, kwa miaka yote ya utawala wa Kiingereza, ilipepea bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Ilikuwa hivyo kwa sababu kwa mkataba wa mwaka 1895 Waingereza walikuwa wakiutawala ukanda wa maili kumi wa mwambao kwa niaba ya Sultani na kumlipa kila mwaka. Ndiyo maana nchi iliitwa Koloni na Himaya: bara ilikuwa koloni, mwambao ulikuwa himaya. Uhuru ulipokaribia, wako waliotaka mwambao uwe peke yake, wako waliotaka uungane na Kenya, na maneno yakawa makali barazani. Tarehe 8 Oktoba 1963 huko London mapatano yakatiwa sahihi: Sultani aachilie mamlaka yake, na mwambao uwe sehemu ya Kenya huru. Bendera nyekundu ikateremshwa.

Hayo yamekwisha, nami si mtu wa kuyafufua. Lakini pamoja na mapatano hayo palikuwa na barua, zilizoandikiana baina ya Bwana Jomo Kenyatta, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kenya, na Bwana Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar. Katika barua hizo Kenya iliahidi mambo. Iliahidi kwamba mahakama za Kadhi zitabaki. Iliahidi kwamba hati za milki ya ardhi zitatambuliwa. Iliahidi kuhusu mafundisho ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na kuhusu maofisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi. Na ahadi ya kwanza kabisa, ambayo haitajwi sana, ni kwamba Waislamu waliokuwa raia wa Sultani, na vizazi vyao, watakuwa na uhuru wa ibada na kuhifadhiwa kwa majengo yao ya dini na taasisi zao.

Itazame vizuri ahadi hiyo. Tumezoea kufikiri kwamba kuhifadhi misikiti ya kale ni hisani ya idara ya makumbusho, au ni ujanja wa kuvutia watalii, au ni fedha za Wazungu wanaopenda vitu vikongwe. Kumbe ni neno la dola, lililoandikwa na kutiwa sahihi miezi miwili kabla ya uhuru. Lilizitangulia sheria zilizokuja baadaye, ile ya mambo ya kale na ile ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Ahadi ya Kadhi iliingia katika katiba ya kwanza, na ikarudi kuingia katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 baada ya mabishano makubwa ambayo sote twayakumbuka. Hii ya majengo haikupata bahati hiyo. Na shahidi wake hayupo tena: mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Kenya, na serikali iliyokuwa upande wa pili wa mapatano ikaanguka. Amana imebaki kwa mmoja. Na amana, ndugu zangu, twajua hukumu yake.

Lakini neno la ahadi lile ni majengo "yao". Si majengo ya Serikali. Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu katika maisha ya kila siku, na yafaa kuyaeleza kwa haki ya pande zote mbili. Msikiti uliokufa hauna ugomvi. Pale Gede msikiti mkuu umesimama bila paa, hauna imamu wala kamati, hakuna anayetaka kuupanua. Karibu nao liko kaburi lenye tarehe ya Hijra ya mwaka 802, sawa na 1399 wa miladi. Mtafiti James Kirkman alichimba pale kuanzia 1948 kwa miaka kumi, na kaburi hilo likawa ufunguo wa kuukadiria mji mzima. Fikiri: mwiko na jembe la mchimbuaji vilihitaji msaada wa fundi wa Kiislamu aliyejua kwamba maiti astahili kuandikiwa mwaka wake. Hilo laniingia moyoni kuliko vyungu na sahani za Kichina.

Msikiti ulio hai ni jambo jingine. Chukua msikiti wowote wa mitaa ya kale, iwe Lamu, iwe Mji wa Kale wa Mombasa. Waumini wameongezeka, siku ya Ijumaa safu zafika barabarani. Dari yavuja. Ajitokeza tajiri mwema, wa hapa au wa Ghuba, asema, jamani nitawajengea msikiti mpya wa saruji, wa orofa mbili, wenye vigae na minara. Kamati itamkatalia vipi? Naye ataka thawabu, wala hajakosea. Mara waja watu wa makumbusho na kusema jengo hili ni la kale, limetangazwa katika gazeti la Serikali, halibomolewi. Hapo huanza maneno: ati Serikali yatuzuia kuijenga nyumba ya Mungu. Na upande wa pili huona kwamba wenyeji hawana habari ya thamani ya walicho nacho.

Mimi nasimama baina yao, wala si kwa woga. Kwanza, ni haki kusema kwamba saruji si rafiki wa ukuta wa kale. Kuta za wazee wetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hupumua. Unyevu na chumvi hupita na kutoka. Ukiupaka saruji umeuziba pua. Chumvi hujikusanya ndani, plasta hubanduka, jiwe huliwa kidogo kidogo, na baada ya miaka fulani fundi huja kusema ukuta umechoka, tubomoe. Haukuchoka. Umekabwa. Mafundi wa zamani walijua hayo bila ya kwenda chuoni: chokaa yao waliichoma kwa matumbawe, wakaizimua kwa maji na kuiacha ikae muda mrefu kabla ya kuitumia. Kazi hiyo yataka subira na ujira, na vijana wanaoijua sasa si wengi.

Pili, ni haki pia kusema kwamba dola humwambia mwenyeji asitumie saruji kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili humnyima cha kutumia. Dari ya kale hushikwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba vya Waswahili, ndiyo sababu nyumba za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba. Mwezi wa Februari mwaka 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, na wakataji wa boriti wa Lamu wakajikuta hawana kazi, ingawa mikoko yao haina uhusiano na wale waliokuwa wakimaliza misitu ya milimani. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye baada ya kilio. Lakini katika muda huo, mwenye nyumba ya kale iliyoporomoka dari angefanya nini? Aliyetunga amri hiyo hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akiufikiria mlima. Ni ile ile ngao.

Ndiyo maana nasema shauri la alama si la mapambo. Dola ambayo bahari haimo katika picha yake ya nafsi hutunga sheria ambazo bahari haimo, kisha hushangaa.

Nataka nini, basi? Sitaki ngao ya taifa ibadilishwe. Imeandikwa katika Katiba, na kuibadili ni safari ndefu yenye gharama, na nchi ina madeni ya kutosha. Nataka mambo madogo yanayowezekana. Nataka kila bao la maelezo katika maeneo haya ya Pwani lianze kwa Kiswahili, na lugha nyingine zifuate, na pale palipo na tarehe ya Hijra katika jiwe, tarehe hiyo iandikwe kwanza kama alivyoiandika mwenyewe aliyeichonga. Nataka ndani ya misikiti ya magofu mgeni aambiwe kwa adabu kwamba hapa ni mahali watu walipomsujudia Mola wao, asikalie mihrabu kwa ajili ya picha. Bendera nyekundu isimuliwe pale pale Ngomeni ilipokuwa ikipepea, pamoja na barua za 1963 na ahadi zake, bila ya kunong'ona. Watoto wetu si wepesi wa kuasi kiasi cha kufichwa karatasi ambayo nchi nzima yaweza kujivunia, maana ni mara ngapi nchi mbili zimepeana mwambao kwa kalamu?

Juu ya misikiti iliyo hai, naona njia ni kuzikalisha kamati za misikiti, Kamisheni ya Wakfu na watu wa makumbusho katika mkeka mmoja kabla ya mfadhili kufika, si baada ya tingatinga kuletwa. Palipo na haja ya nafasi, ijengwe sehemu mpya kando na ile ya kale iachwe na mihrabu yake, birika lake na kuta zake za chokaa. Mfadhili aelezwe kwamba kutengeneza dari ya boriti iliyosaliwa chini yake kwa miaka mia mbili pia ni kujenga msikiti. Nami naamini wengi wao wakielezwa na masheikh watafahamu, kwa sababu mpaka sasa waliowaeleza ni mafundi wa saruji tu.

Na ile siwa ya shaba ya Lamu. Najua watunzaji wake watasema ni ya kale mno, na wasiwasi wao ni wa haki. Basi ifuliwe nyingine kwa mfano wake, na fundi wa hapa hapa, ipigwe katika Maulidi ya Lamu na siku ya Jamhuri, watu wasikie ilivyokuwa sauti ya mji. Ile ya kweli na ibaki ndani ya kioo chake.